Kipupwe Kilichoahirishwa

Nchi ya Gubiko imekaa juu milimani kama chungu kilichosahauliwa jikoni: kuta zake ni safu za majabali meusi, sakafu yake ni bonde la viazi na nyumba za mawe, na mfuniko wake, kwa miezi minne ya kila mwaka, ni ukungu. Ukungu huo huanza kushuka mwezi wa sita, ukaziba vilele, ukajaa vichochoroni, ukapenya chini ya milango na ndani ya vifua vya watu, na hapo ndipo Wagubiko husema kwamba kipupwe kimebisha hodi. Hakuna asiyejua kitakachofuata. Mafua huwaanza watoto, kikohozi kikawafuata mama zao, na mwishoni kabisa homa ya mapafu ikaja kwa wazee, bila kelele, kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa kitanda chake.

Wagubiko ni watu wa kujicheka. Husema kwamba Mungu alipokuwa akigawa akili kwa mataifa, wao walikuwa wamejifunika gubigubi wakingoja jua lichomoze, na kwamba walipofika walikuta makombo tu, wakayagawana kwa foleni. Hawasemi hivyo kwa uchungu. Husema huku wakitazama upande wa ikulu, kisha wakabadilisha mazungumzo.

Huko ikulu ndiko waliko Wafunikwa, watu wanane wanaoitawala nchi. Cheo chao hupimwa kwa mashali ya sufu wanayojitanda msimu wa baridi, msimu pekee wanaotoka hadharani: wa chini ana mashali mawili, wa juu yake ana matatu, hadi kumfikia Mfunikwa Mkuu, Mtukufu Dalahu, mwenye mashali kumi na mawili, ambaye akishavaa hawezi kugeuza shingo, na kwa hiyo haoni ila kilicho mbele yake, nacho kwa kawaida ni sahani. Wafunikwa hao ndio washika funguo za Ghala la Kipupwe. Kila baada ya mavuno, kila nyumba hupeleka ghalani blanketi moja, mche wa sabuni, chupa ya asali na gunia la mkaa, ili ukungu utakaposhuka vigawiwe kwa wazee, kwa wachanga na kwa wenye vifua vibovu. Ndivyo mababu walivyojiandaa, na kwa muda mrefu walizikwa wachache.

Mwandishi wa Matangazo wa ikulu aliitwa Kilindo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito iliyofaa kuamrisha jeshi na moyo ambao haukufaa kuamrisha bata. Mwenyewe alilijua hilo. Akinyoa asubuhi alijiambia mbele ya kioo, "Haya, tarumbeta, twende tukapulizwe," kisha akavaa koti lake la kazi na kwenda kuandika lolote aliloambiwa aandike. Hakuwa mwovu. Alikuwa na mwandiko mzuri na mama mzee, na aliamini kwamba mtu mwenye vitu viwili hivyo hana nafasi ya kuwa shujaa.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, Wafunikwa walikutana kuzungumzia maandalizi. Kilindo alikaa pembeni na kalamu yake.

"Ukungu umeonekana Kilele cha Beberu," alisema Mfunikwa wa Ghala, mtu mwenye tabia ya kujifuta jasho hata penye barafu. "Baada ya wiki moja hivi utakuwa mjini. Watu watakuja kutaka vitu vyao."

"Wape basi."

"Hakuna."

Ikaelezwa, kwa maneno laini, kwamba mablanketi yalivuka mpaka yakauzwa kwa nchi jirani. Kwamba mkaa ulitumika kupashia maji ya bwawa la kuogelea la ikulu. Kwamba asali ililiwa, kwa kuwa ndiyo kazi ya asali. Sabuni ndiyo haikujulikana ilikokwenda, maana pale barazani hapakuonekana mtu aliyezidi usafi.

"Semeni panya," alishauri mmoja.

"Mwaka jana tulisema panya."

"Na mwaka juzi."

Kilindo, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kutania pale alipopaswa kulia, alisema bila kuinua kichwa, "Basi tukiahirishe kipupwe."

Alingoja wacheke. Hawakucheka.

"Rudia," alisema Mtukufu Dalahu.

"Nilikuwa natania, Mtukufu."

"Nimesema urudie. Sikusema ujieleze."

Siku ya tatu yake, Kilindo alisimama juu ya jukwaa la sokoni na kusoma kwa ile sauti yake ya jeshi: Kwa kuwa maandalizi hayajakamilika, na kwa kuwa si adabu msimu kuiingilia nchi ambayo haijawa tayari kuupokea, kipupwe kimeahirishwa hadi itakapotangazwa tena. Nchi itaendelea kuwa katika kiangazi. Ni marufuku kuvaa sweta, kujitanda blanketi, kuota moto hadharani, na kukohoa kwa namna ya kuashiria msimu. Maneno hayo ya mwisho aliyatunga mwenyewe, na alipoyasoma alijisikia, kwa nukta moja, kuwa msanii. Aibu ilikuja baadaye, alipokuwa akishuka ngazi.

"Na ukungu je?" aliuliza mama muuza viazi. "Umepelekewa nakala?"

Soko zima liliangua kicheko. Wagubiko walicheka siku mbili nzima. Siku ya tatu ukungu ulishuka, na askari wakaanza kuwavua watu masweta.

Wakati huo, katika zahanati ya mtaa wa Kilindo, kulikuwa na nesi mmoja aitwaye Bi Mashavu, ambaye mashavu hakuwa nayo. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye hatua ndefu na maneno mafupi. Alilisikiliza tangazo hadi mwisho, akarudi zahanati, akafungua kabati, akakuta dawa za kikohozi za kuwatosha watu tisa. Mtaa ulikuwa na watu mia nne. Alifunga kabati, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Ni kiangazi," aliwaambia watu, uso mkavu. "Kiangazi watu wanafungua madirisha hewa ipite. Basi fungueni, japo kwa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Kiangazi kuna vumbi, kwa hiyo mikono inaoshwa. Ukitoka nje, osha. Kabla ya kula, osha. Na kiangazi ndio wakati wa watu kusafiri. Mwenye kukohoa atakuwa amesafiri: akae chumbani peke yake siku saba, asitoke, asitembelewe. Nasi majirani, si tuna desturi ya kumwekea msafiri chakula mlangoni?"

Desturi hiyo haikuwapo, lakini Wagubiko waliielewa mara moja. Mafuta mabovu ya mbuzi na majivu yakachemshwa uani, ikapatikana sabuni nyeusi yenye harufu ya kufukuza hata mafua yenyewe. Askari walipouliza wenye nyumba wako wapi, waliambiwa wamesafiri. Na kwa kuwa tangazo lilikataza masweta lakini halikusema neno juu ya mashati, watu walianza kuvaa mashati mepesi matano matano, moja juu ya jingine, wakatembea mjini wamefura kama magunia, wakipungiana mikono na kulalamikia joto.

Kilindo aliyaona yote hayo. Aliandika ripoti kwamba wananchi wamelipokea agizo kwa moyo mkunjufu. Kisha akarudi nyumbani na kukuta mama yake, Bi Mize, amekaa kitandani, ameushika ukingo wake kwa mikono miwili, akikohoa kwa namna ya kuashiria msimu.

Alikimbia kumwita Bi Mashavu. Nesi alisikiliza kifua cha mzee, akampa dawa katika zile za watu tisa, akamwonyesha namna ya kukaa kwa kuegemea mito ili apumue, kisha akatoka na kumfungia mlango taratibu.

"Atapona?" aliuliza Kilindo.

"Kifua chake kibovu, lakini mbishi. Akiacha kunywa uji, niite. Akianza kupumua haraka haraka, niite mbio." Alimtazama. "Una blanketi?"

"Letu lilikwenda ghalani."

"La nani halikwenda?" Bi Mashavu alisema bila ukali, na hilo lilimchoma zaidi. "Umewahi kupika uji?"

"Mimi ni Mwandishi wa—"

"Najua wewe ni nani, baba. Nakuuliza uji."

Hakuwahi. Uji wake wa kwanza uliungua, wa pili ulikuwa na madonge. Bi Mize alipouonja alisema kutoka upande wa pili wa mlango, "Mwanangu, hili nalo ni tangazo?" kisha kicheko chake kikageuka kikohozi kirefu, na Kilindo akabaki amesimama ukumbini na mwiko mkononi, akihesabu pumzi za mama yake. Baada ya siku tano, nesi alimwambia kifua kinafunguka. Kilindo alikwenda nyuma ya nyumba akalia, akajicheka kwa kulia, akalia tena.

Lakini jirani yao, Mzee Ngwamba fundi viatu, hakubahatika. Alikuwa na miaka sabini na minane na hakuwa na mtu wa kumwuguza ila majirani wenyewe, na walipogundua kwamba uji wa jana bado uko mlangoni, alikuwa amekwisha kupoa. Kila mwaka mzee yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka blanketi lake ghalani, akiwa amelishona pindo upya. Kwa mujibu wa sheria, kifo kilipaswa kuandikwa pamoja na sababu yake, na kwa mujibu wa sheria mpya sababu hiyo isingeweza kuwa ya kipupwe. Karatasi ilifika mezani kwa Kilindo. Aliitazama tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akachovya kalamu na kuandika, kwa mwandiko wake mzuri: *Amefariki kwa joto.*

Siku ya mazishi, mvua nyembamba ikinyesha, watu walimpisha njia Kilindo kwa heshima zote. Hakuna aliyemtukana. Alitamani sana mtu amtukane.

Mwezi wa saba ulipofika, Mtukufu Dalahu aliamua kwamba haitoshi kiangazi kuamrishwa. Ni lazima kisherehekewe. Wananchi waliitwa uwanjani. Wafunikwa wanane walipanda jukwaani wakiwa wamevaa kanzu za hariri nyepesi na ndara, vichwa wazi, shingo wazi, na ndipo watu walipoona jambo ambalo hawakuwahi kuliona miaka yote: bila mashali, Wafunikwa walikuwa watu wadogo sana. Mfunikwa wa Ghala alikuwa na mabega kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mfunikwa Mkuu alikuwa na shingo, tena nyembamba, na alikuwa akiigeuza huku na huku kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kuwa dunia ina pande.

Alikusudia kuhutubia dakika kumi. Alisema kiangazi hiki kimeleta neema, na watu wakapiga makofi. Aliposhusha karatasi akitaka kuketi, makofi yaliongezeka. Mpaka leo hakuna ajuaye ni nani aliyeanza kupaza sauti, "Endelea, Mtukufu!" lakini mara uwanja wote uliitikia. Akaendelea. Kila alipotaka kumaliza, walimshangilia kwa mapenzi makubwa zaidi, wakiwa wamefura ndani ya mashati yao matano, na manyunyu yakawa mvua, na upepo ukashuka kutoka Kilele cha Beberu. Hakuna Mfunikwa aliyeweza kuomba shali. Kuomba shali kungekuwa kuutangaza msimu, na kuutangaza msimu kungekuwa kufungua ghala. Walikaa saa nne. Katika saa ya tatu, Mtukufu Dalahu alipiga chafya.

Alijifuta pua kwa mkono wa kanzu.

"Ni vumbi," alisema Mtukufu.

"Vumbi!" walijibu watu elfu moja.

Keshokutwa yake, Wafunikwa wote wanane walikuwa wameanguka. Waganga wa ikulu walikwenda na mafusho na hirizi, nao wakaanguka. Ndipo Kilindo alipotumwa kumleta Bi Mashavu, na njiani alijiuliza kama angekataa, na alijua kwamba yeye, laiti angekuwa nesi, angekataa, na ndiyo sababu hakuwa nesi.

Bi Mashavu alimkuta Mtukufu Dalahu chini ya mashali yote kumi na mawili, madirisha yamezibwa kwa mazulia, jiko la mkaa likifuka, na watumishi kumi na wanne wakimpumulia usoni.

"Nipe dawa," alisema Mtukufu kwa sauti ya kukwaruza. "Ile bora."

"Dawa zilikuwa za watu tisa, Mtukufu. Tisa wamezinywa." Alimpima homa, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, kwa uangalifu uleule aliomfanyia Bi Mize. "Hujafika pabaya. Utapona. Lakini utapona kama wanavyopona wengine." Akawageukia watumishi. "Madirisha yafunguliwe. Jiko litoke, linakula hewa. Shali moja abakiwe nalo, mengine yapelekeni kwa watumishi wanaokohoa. Atakaa humu peke yake siku saba. Asiingie mtu. Chakula kitawekwa mlangoni, na kwa wale saba wengine vivyo hivyo."

"Na nchi?" aliuliza Mtukufu. "Amri zangu?"

"Akitoka kabla ya siku saba," Bi Mashavu alimwambia Kilindo, ili mgonjwa asikie, "ataambukiza wengine, na homa ikimrudia mapafuni mimi sina la kufanya. Mlango sifungi kwa ufunguo. Mwenye akili hujifungia mwenyewe."

Basi mtu pekee aliyebaki kuwa kati ya Mfunikwa Mkuu na Gubiko alikuwa Kilindo na bakuli lake la uji. Kila asubuhi aliliweka chini, akabisha, akarudi nyuma hatua tatu, na kutoka ndani ikaja amri. Siku ya kwanza iliamriwa kwamba wenye mashati matano wakamatwe. Siku ya pili, kwamba sherehe irudiwe. Kilindo aliziandika zote kwa mwandiko mzuri, akazitia mfukoni, akashuka mjini. Na mjini, kwa kuwa hakuna aliyeletewa amri, mambo yalikuwa yakienda. Askari, ambao nao walikuwa wameanza kukohoa, walikuwa wamejitanda mablanketi ya wake zao. Mioto iliwashwa uani mchana kweupe. Wanawake wa mtaa wa sokoni walivunja kufuli la Ghala, wakakuta ukumbi mtupu, mpana, wenye madirisha makubwa. Walisimama wakautazama, mmoja akacheka, kisha wakaleta fagio na vitanda, wakaufanya mahali pa kuuguzia wasio na mtu. Watu walikohoa kwa sauti, kwa namna yoyote waliyopenda, wakiwa wamegeuzia nyuso viwikoni kama Bi Mashavu alivyowafundisha. Hapakuwa peponi. Watu wawili zaidi walizikwa wiki ile. Lakini karatasi zao zilipofika mezani kwa Kilindo, aliandika homa ya mapafu.

Siku ya saba, Bi Mashavu alisikiliza mlangoni pa Mtukufu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kifua kisafi. Kesho mwambie atoke."

"Nitamwambia," alisema Kilindo.

Na alikusudia hivyo. Asubuhi ya siku ya nane aliweka bakuli chini, akabisha, akarudi hatua tatu, akakohoa kidogo kusafisha ile sauti yake ya jeshi. Kutoka dirisha la ukumbini aliuona mji, moshi wa majiko ukipanda moja kwa moja katika baridi, na mama yake, Bi Mize, akivuka barabara polepole na kibuyu cha uji kuelekea ghalani, amejitanda blanketi la kuazima, akimkaripia askari ampishe.

"Leo ni siku ya ngapi?" iliuliza sauti ya ndani. Ilikuwa sauti nzima, yenye nguvu, ya mtu aliyelala vizuri.

Kilindo alifungua kinywa kusema ya nane.

"Ya tatu, Mtukufu," alisema.

Alijisikiliza kwa hofu, kama mtu aliyesikia mgeni akiongea ndani ya nyumba yake. Hakujua kama alichofanya kilikuwa ushujaa, au ilikuwa tu kazi yake ya siku zote, uongo kwa mwandiko mzuri, isipokuwa safari hii hakuna aliyemtuma.

"Jana," sauti ilisema taratibu, "uliniambia ni ya saba."

"Jana nilikosea, Mtukufu."

Hatua zilisikika zikivuka chumba, pekupeku, zikija hadi mlangoni, zikasimama. Mlango haukuwa na ufunguo. Kilindo aliweza kusikia pumzi ya mtu mzima aliyepona upande wa pili wa ubao, karibu kiasi kwamba wangeweza kunong'onezana, naye akasimama palepale, hakuushika mlango, hakukimbia.

"Homa inaweza kurudi?" iliuliza sauti, safari hii kwa unyenyekevu mdogo sana.

"Mapafuni, Mtukufu," alijibu Kilindo.

Kitasa hakikuzunguka. Wala hatua hazikurudi kitandani.